Kipimo cha Ngumi

Chumba namba saba, Temeke, mwisho wa korido,
ukishapita maabara, kabla hujafika chooni.
Wanaoingia kwangu wametumwa.
Hakuna aamkaye akasema, leo naenda kwa afisa lishe.
Huja na majibu ya sukari yamekunjwa mara nne
kama barua ya deni.

Nami nilikuwa na bango.
Tufaha jekundu, jibini,
samaki wa rangi ya waridi ambaye sijawahi kumla,
na mwanamke anayeichekea saladi.

Kondo Mwinyimvua, mlinzi wa bohari, Chang'ombe,
alilitazama kama mtu asomaye tangazo la msiba
akitafuta jina analolijua.
"Dokta wa chakula," akasema
(mimi si dokta, nimechoka kukanusha),
"tunda hilo moja ni nauli yangu.
Nikilila, nitarudi nyumbani kwa miguu.
Au ndiyo mazoezi uliyoniandikia?"

Nikacheka.
Halafu sikucheka.

Chuoni walitufundisha kuuliza:
jana ulikula nini, tangu ulipoamka?
Akanijibu kwa swali: "Mimi naamka alasiri.
Jana yangu inaanzia wapi?"
Fomu ilikuwa na mistari mitatu,
asubuhi, mchana, jioni.
Haikuwa na mstari wa saa nane usiku,
saa ambayo mbu na usingizi hugombea shingo moja
na chai ya rangi, vijiko sita,
ndiyo silaha yenyewe;
rungu ni la kuonyesha tu.

Jumamosi nikaenda sokoni Tandika bila koti jeupe.
Nikauliza bei ya matembele, bamia, mlenda,
dagaa kwa kopo, choroko,
mapapai yaliyoiva mpaka muuzaji anayaonea haya.
Nikauliza unga wa dona, nikaelekezwa nyuma kabisa,
sembe imekaa mbele kama bibi harusi.
Nikaandika kila kitu.
Mama Salhina wa mbogamboga akanishika:
"Wewe unanunua au unahesabu?"
"Nahesabu."
"Basi sogea, wenye njaa wapite."

Nikasogea. Nikanunua mafungu mawili kwa aibu.

Jumatatu nikalibandua bango.
Ukutani pakabaki mraba mweupe kuliko ukuta.
Kondo aliporudi nikamwambia, nipe mkono.
Akadhani namsalimia.
Nikamkunja vidole, kimoja kimoja:
ngumi hii ndiyo ugali wako.
Kiganja, bila vidole, ndiyo samaki.
Viganja viwili vikikingwa kama vya dua
ndiyo mboga; hapo jaza, hakuna atakayekudai.
Ncha ya kidole gumba ndiyo mafuta.

Akautazama mkono wake wa miaka hamsini na nane
kama aliyekuta noti kwenye suruali ya zamani.

"Na sukari?"

Sukari haina kidole.
Nilipaswa kusema sifuri, kitabu kinasema sifuri,
lakini saa nane usiku, pale getini,
hatukuwepo mimi wala kitabu.
"Sita viwe vinne," nikasema. "Mwezi huu tu.
Ukija tutaongea tena."
Tukabishana kidogo. Tukakubaliana vitatu na nusu,
nusu ile akaidai yeye, kwa heshima ya Ijumaa.

Sitadanganya: vipimo vyake
bado hupanda na kushuka kama bei ya nyanya.
Lakini huja. Hukunjua karatasi kabla sijaomba.

Juzi nimechelewa kutoka, saa tatu usiku,
napita Chang'ombe na chipsi mayai mfukoni,
za moto, mafuta yakichora ramani kwenye karatasi,
mkono mmoja umeshazama humo.
Gizani, penye geti, mtu akainua ngumi.
Haikuwa salamu. Haikuwa tishio.
Nikaitazama ngumi, nikautazama mfuko.

"Imezidi hiyo, dokta," akasema,
taratibu, kama mtu anayefunga mlango
wenzake wasiamke.